Maili za Safari Iliyobadilishwa Njia: Zilizo Zangu na Zisizo Zangu

  

Tangu niliposema hapa kuwa Mama yangu alikwenda Umra na nusu ya tiketi yake ililipwa kwa maili za ndege, maswali hayajakatika. Wengine mnauliza maili ni nini hasa. Wengine mnazijua, lakini mna kilio kimoja: "Dada, mie ndege yangu ilifutwa nikapandishwa nyengine, na sikupata hata maili moja. Ndiyo basi tena?" Suali hili limenigusa kwa sababu ndilo lililonikuta mie mwenyewe. Na katika kulifuatilia nilikutana na mtihani mwengine ambao sikuutegemea. Leo nawahadithia yote mawili.

Wanaonifahamu wanajua kuwa kazi yangu ni kuvisha mabibi harusi. Magauni, mashela na abaya za kutokea ninafuata mwenyewe, Dubai zamani, na miaka ya karibuni zaidi Istanbul. Pale kuna mtaa wa Laleli, wanauza kwa jumla, na ukipanda Fatih kuna barabara ya Fevzi Paşa, maduka ya magauni ya harusi yamepangana pande zote mbili, na mengi yana magauni ya stara ambayo hayahitaji kuongezwa mikono wala kuzibwa kifua. Kwa mwaka nasafiri mara tatu, pengine nne. Mtu anayesafiri hivyo na hana namba ya uanachama ya shirika la ndege anatupa kitu njiani bila ya kujua.

Mie nilikuwa naitupa miaka mingi. Siku moja mwenzangu wa biashara aliniona nakata tiketi akaniuliza, "Namba yako ya maili uko wapi?" Nikamwambia sina. Akanitazama kama mtu aliyeniona nimeacha mfereji wazi.

Kwa wasiojua, habari yenyewe ni hii. Mashirika ya ndege yana mpango wa kuwashukuru wateja wao wa kila siku. Unajiandikisha bure, unapewa namba, na kila unaporuka unawekewa maili katika akaunti yako. Zikifika kiwango unaweza kuzibadilisha kwa tiketi. Mipango hii ilianza kushika kasi Marekani mwaka 1981, pale American Airlines walipoanzisha wa kwao, na mwanzo hesabu ilikuwa nyepesi: umeruka maili ngapi, unapata maili ngapi. Siku hizi mambo yamebadilika. Mashirika mengine huangalia pesa ulizolipa, na mengine huangalia umbali pamoja na herufi ya daraja la tiketi yako. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kukaa viti vya jirani, wakatua pamoja, na mmoja akapata maili mara mbili ya mwenzake. Tiketi ya bei rahisi mara nyingi hupata robo au nusu tu ya maili, na zipo zisizopata kitu kabisa.

Nilipojiandikisha nilitia nia moja. Kila maili itakayoingia ni ya Mama. Mama alikuwa hajawahi kuiona Makka. Alitulea watoto wanne kwa kupika maandazi na mikate ya kumimina, na kila mwaka mahujaji wakiondoka alikuwa akenda uwanja wa ndege Kiembesamaki kuwaaga watu. Anarudi nyumbani kimya, anavua baibui, anaendelea na kazi zake. Nikasema huyu, inshaAllah, safari moja ataagwa yeye.

Theluji na gauni

Sasa njooni kwenye safari yenyewe. Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa Shaaban, nanyi mnajua Shaaban Unguja ilivyo: harusi juu ya harusi, kila mtu anataka amalize kabla ya Ramadhani. Nilikuwa Istanbul kuchukua mzigo, na ndani ya mzigo huo kulikuwa na gauni la bibi harusi mmoja wa Mpendae. Nikahi Ijumaa baada ya sala ya laasiri, sherehe ya wanawake Jumamosi usiku. Mie tiketi yangu inanitoa Istanbul Jumatano, nabadilisha ndege mji mmoja wa Ghuba, natua Unguja Alkhamisi asubuhi. Nina siku nzima ya kulipiga gauni pasi na kumjaribisha.

Jumatano ile ikaanguka theluji. Mie wa Kisiwandui, theluji naiona kwenye televisheni, nilianza kwa kupiga picha. Nilipofika uwanja wa ndege nikaacha kupiga picha. Ubao mzima umejaa neno la kufutwa, na ndege yangu imo. Nilisimama foleni saa tano, gauni liko begani ndani ya mfuko wake, silitui chini. Bibi harusi ananiandikia, "Dada, ushapanda?" Namjibu, "Bado mpenzi, niombee dua."

Shirika sitalitaja, na kwa haki yao niseme theluji si kosa la mtu. Yule kijana wa kaunta alihangaika, akanipatia nafasi ndege ya shirika jengine inayopita mji mwengine hapa hapa Afrika, na mwisho wake si Unguja, ni Dar es Salaam. Nikamuuliza, "Na kutoka Dar?" Akaniambia kwa Unguja hana kitu mpaka Jumamosi. Nikamwambia, "Nipe hiyo hiyo. Dar najua mwenyewe nitavyovuka."

Nilitua Dar usiku wa Alkhamisi, nikalala kwa shangazi Ilala, na Ijumaa asubuhi nikapanda boti ya mwanzo. Bahari ilikuwa imechafuka. Boti haina maili, wapenzi wangu, ina kichefuchefu tu. Gauni nililipakata mapajani mpaka Malindi. Saa nne na nusu nimo ndani ya nyumba ya Mpendae, hinna imeshakolea, na mama yake bibi harusi aliponiona mlangoni alikaa chini pale pale akalia. Gauni lilimkaa kama lililoshonewa juu yake, mashaAllah. Alhamdulillah, hilo likapita.

Safari imepotea

Wiki mbili baadaye, tumo siku za mwanzo za Ramadhani, nikafungua akaunti yangu ya maili. Safari ya kwenda imo. Safari ya kurudi haimo. Sifuri. Kama kwamba mie nilikwenda Istanbul nikabaki huko.

Niliuliza, nikasoma, na nikaelewa yaliyotokea. Nakuelezeni ili na nyinyi mjue.

Kwanza, unapohamishiwa shirika jengine unatengenezewa nafasi mpya, na mara nyingi namba yako ya uanachama haihami pamoja nawe. Yule aliyeko kaunta ana watu mia mbele yake, kazi yake ni kukupatia kiti. Ukikaa kimya, namba inabaki kwenye safari iliyofutwa.

Pili, hata namba ikihama, shirika jipya huenda halina uhusiano na mpango wako. Mashirika mengi yamejiunga katika miungano mitatu mikubwa. Star Alliance, ulioanza 1997, unao Ethiopian na Turkish. SkyTeam unao Kenya Airways. Na oneworld unao Qatar Airways, na mwaka 2025 wakaingia Oman Air. Emirates hawamo katika hata mmoja, wao wana makubaliano yao ya pembeni na shirika moja moja. Ukihamishwa ndani ya muungano ule ule, kuna tamaa ya kupata maili. Ukihamishiwa nje yake, kwa kawaida hupati kitu.

Tatu, ile herufi ya daraja. Kiti unachopewa kwa dharura kinaweza kuandikwa herufi ambayo haizai maili, ingawa tiketi uliyoinunua ilikuwa inazaa.

Lakini, na hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza, kuna jambo ambalo mashirika mengi hulikubali likiombwa: kuhesabiwa maili za njia uliyoinunua. Maana yake, wewe ulilipia safari ya Istanbul, Ghuba na Unguja, na wao ndio waliokubadilishia. Hukubadilisha kwa hiari yako. Basi unawaandikia wakuhesabie kama kwamba ulisafiri njia ile ya asili. Si kila shirika linakubali, na mara nyingi hupewi bila ya kuomba. Na haliwahusu waliobadilisha wenyewe, wala waliorudishiwa pesa wasisafiri.

Mie nilisita. Kusema kweli niliona haya. Nikasema nafsini, watu walikuwa wanalala chini uwanja wa ndege na watoto, mie nifuatilie maili? Tumelelewa hivyo sisi wanawake wa visiwani. Ukidai chako unaambiwa una tamaa, una domo. Bibi harusi anadai mahari yake aliyotajiwa anaambiwa hana haya, na mahari ni haki yake aliyopewa na Mola wake. Basi nikakumbuka zile maili nimezitilia nia ya nani, nikakaa kitako baada ya tarawehe, nikafungua kompyuta.

Nilianza na fomu ya mtandaoni ya kudai maili zilizokosekana. Nikaandika ndege nilizopanda kweli, ile ya shirika la pili mpaka Dar. Fomu ikanijibu safari haikupatikana. Nikaona mlango huo umefungwa. Nikaandika barua pepe kwa shirika langu: tarehe, namba ya tiketi ya asili, ujumbe wao wenyewe wa kunijulisha kuwa safari imefutwa, na picha za vipande vya kadi za kupandia ndege. Nikaomba nihesabiwe njia niliyoinunua. Sikulalamika, sikutukana, sikuandika hadithi ya gauni. Mistari minane tu.

Baada ya siku kumi na mbili wakanijibu kwa adabu na wakaniwekea maili 2,150. Akaunti yangu ilikuwa na 35,800, ikawa 37,950. Tiketi ya Mama ya kwenda Jeddah na kurudi ilikuwa inataka 40,000. Nikasujudu. Zimebaki kidogo.

Maili 2,300 zilizokuja zenyewe

Tukasali Idi. Siku ya nne ya Mfunguo Mosi nikafungua akaunti nitazame kitu chengine kabisa, nikakuta 40,250.

Nilidhani macho yangu. Nikashuka chini kwenye orodha nikaona: maili 2,300, safari ya Istanbul mpaka Dar es Salaam. Ile fomu yangu ya mwanzo, iliyoniambia safari haikupatikana, kumbe ilikwenda ikakaa kwa mtu mwengine katika ofisi nyengine, na yeye akaitafuta, akaipata, akaniwekea. Safari moja nimelipwa mara mbili. Njia niliyoinunua, na njia niliyopita.

Na 40,250 inatosha tiketi ya Mama.

Na kulikuwa na jengine. Maili nazo huoza, wapenzi wangu. Mipango mingi huzipa umri, wengi miaka mitatu. Mie nilikuwa na maili 6,400 za zamani zinazokufa mwisho wa mwezi ule ule. Nikizirudisha zile 2,300, sifiki 40,000, mwezi unaisha, na zile 6,400 zinakwenda na maji. Nikizinyamazia, leo hii hii nakata tiketi, na Mama anakwenda.

Nilimpigia shoga yangu yule wa biashara. Akasema, "Mwanamke, hilo ni kosa lao, na wao si maskini. Hujaiba, hujasema uwongo. Umejaza fomu, wameikubali." Na kweli sikusema uwongo. Kila neno nililoandika lilikuwa sahihi. Hicho ndicho kilichonitia mashaka zaidi, kwa sababu kila nikitafuta uwongo wangu siuoni, na hata hivyo usiku silali.

Nikafikiri kumuuliza ustadhi wetu wa darsa. Lakini nilijua nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia "haina neno." Mtu anayehitaji kupita milango mitatu kutafuta jawabu moja, jawabu lenyewe analo.

Alasiri nikenda kwa Mama. Nikamkuta uani anachambua mchele. Nilikuwa sijamwambia kitu chochote kuhusu tiketi, ilikuwa iwe ghafla. Nikakaa kwenye mbao ya mbuzi, nikamwambia yote, kutoka theluji mpaka fomu. Maili hakuzifahamu, nikamwambia ni kama karatasi za duka, ukikusanya nyingi unapewa kitu bure.

Akaendelea kuchambua. Akaniuliza, "Wewe ulikwenda mara ngapi?"

"Mara moja, Mama."

"Na wamekuhesabia?"

"Mara mbili."

Akapepeta ungo, akapuliza pumba. "Mwanangu, mie huko naenda kuomba msamaha. Sasa niende kwa kitu ambacho nikifika inabidi nikiombee msamaha na hicho?"

Sikuwa na la kumjibu. Akanyamaza kidogo, akasema tena, sauti ya chini, "Kwani ulikuwa unanikatia tiketi?" Hapo ndipo nilipolia. Naye akalia. Mchele ukabaki ungoni.

Ile hesabu ya Mama, ya safari moja na malipo mawili, ndiyo inayosimuliwa katika Sura ya 83, al-Mutaffifin. Ninaisoma tangu chuoni, na siku zote nilikuwa nikiona inawahusu wauza samaki na mizani zao. Inawaonya wanaopunja vipimo, watu ambao haki yao wanaijua sana na ya mwenzao wanaisahau. Sikuwahi kufikiri kuwa siku moja mizani itakuwa akaunti ya ndege, na mwenye mizani ni mie.

Usiku ule niliandika barua pepe ya pili. Nikawaambia safari hii mmenihesabia mara mbili, tafadhali ondoeni moja. Nadhani hawakuzoea kupokea barua kama hiyo, kwa sababu aliyenijibu aliniuliza kama nina hakika. Siku ya tatu akaunti ikarudi 37,950.

Alivyokwenda Mama

Sitawadanganya kuwa baada ya hapo kuna mtu alinipa tiketi ya bure. Hakuna aliyenipa kitu. Nilikuwa na siku kumi na moja kabla ya maili 6,400 kufa.

Lakini kwa kuwa sasa nilikuwa sina tena njia ya mkato, nikaanza kusoma masharti ya mpango wangu vizuri, jambo ambalo sikulifanya hata siku moja. Nikagundua wanauza tiketi ya kwenda peke yake kwa nusu ya maili, 20,000. Na wanapokata maili wanaanza na za zamani. Basi nikamkatia Mama tiketi ya kwenda Jeddah, ya Mfunguo Sita, na zile 6,400 zikatumika za mwanzo kabla hazijaoza. Nikabakiwa na 17,950 ambazo bado zina umri. Kodi na ada za uwanja nililipa kwa pesa, kwa sababu tiketi ya maili si bure moja kwa moja, hilo nalo mlijue. Tiketi ya kurudi tulilipa kwa upatu wangu wa Jumamosi, wenzangu wakakubali kunisogezea zamu. Kaka yangu alijilipia mwenyewe akafuatana naye.

Siku ya safari Mama alivaa baibui jipya, na watu wa mtaani walikuja Kiembesamaki kumuaga. Alipofika mlango wa abiria aligeuka akatutazama muda, kama alivyokuwa akiwatazama wenziwe miaka yote. Kisha akaingia.

Ya kuchukua

Sasa, kwa mabibi harusi mnaojitayarisha kwenda fungate, na kina mama wa biashara wenzangu, nakuachieni haya niliyojifunza kwa kuhangaika.

1. Jiandikisheni kila mtu na akaunti yake, mke yake na mume yake. Maili za kiti chako ni zako. Yapo mashirika yanayoruhusu familia kuchangia akaunti moja, ulizieni.

2. Jina la akaunti liwe lile lile la pasipoti. Sisi dini yetu inatuachia majina ya baba zetu baada ya ndoa, basi usiandike jina la mume kwa mapenzi ya wiki ya mwanzo ukaja kukataliwa maili zako kwa kuwa majina hayalingani.

3. Safari ikibadilishwa, kabla hujaondoka kaunta sema, "Naomba muingize namba yangu ya uanachama kwenye tiketi mpya." Ni sentensi moja tu. Na uliza mzigo wako unahesabiwa kwa tiketi ipi.

4. Usitupe kitu. Tiketi ya asili yenye namba yake ya tarakimu 13, ujumbe wa kufutwa kwa safari, na vipande vya kadi za kupandia. Vipige picha hapo hapo, wino wake hufutika.

5. Subiri wiki moja au mbili, kisha dai. Usikae sana, mashirika mengi yana muda maalumu, na kwa wengi ni miezi michache tu. Ukipita, haki yako imekwenda.

6. Omba moja kati ya mawili: njia uliyoinunua au njia uliyopita. Angalia ipi ina kheri kwako, uombe hiyo. Usiombe zote mbili, na kama zimekuja zote mbili bila ya wewe kukusudia, sasa unajua la kufanya.

7. Tazama tarehe ya maili zako kufa. Ziandike ukutani kama unavyoandika siku za deni la Ramadhani.

Wengine mtaniambia, dada, maili 2,300 ni kitu gani, shirika halikuhisi zilipoingia wala zilipotoka. Ni kweli, halikuhisi. Lakini mie nilikaa usiku naandika barua mistari minane kudai 2,150 zangu kwa sababu niliamini kuwa haki, hata ikiwa ndogo, ni haki. Sikuweza tena kugeuka nikasema kuwa ya mwenzangu, kwa kuwa ni ndogo, si kitu.

Basi wanawake wenzangu, dai chako bila ya kuona haya, iwe maili, iwe mshahara, iwe mahari. Na uliyoyapata kwa makosa yarudishe, ulale.

Mama aliporudi nilimuuliza aliomba nini mbele ya Alkaaba. Akaniambia mengine ni siri yake na Mola wake, lakini moja atanambia. "Nilikuombea wewe na ndege zako zisifutwe tena." Safari mbili nimekwenda tangu hapo, alhamdulillah, na zote zimeruka kwa wakati wake.

Nakuombeni dua zenu, nami sikusahauni. Tukutane tena wiki ijayo inshaAllah, nitazungumzia namna ya kufunga gauni la harusi kwenye sanduku lisikunjike.